UZI: Mji wetu ulifika pahala hatuzikani. Mwalimu mmoja wa skuli akaanzia kwa vijana wa maskani

#1 – Mwanzisha uzi (Pemba, Kaskazini)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Kila tukisogelea uchaguzi, jamvi hili hujaa nyuzi za nani atachukua jimbo gani. Yanayotokea mitaani kwetu siku ya pili yake hayaandikwi. Naomba mnivumilie, leo nitaandika kwa urefu. Niliyoyashuhudia yamenifanya niamini kuwa mji mdogo uliogawika huweza kurudi pamoja, na kwamba pa kuanzia ni kwa vijana walewale ambao wazee wameshawakatia tamaa.

Mji sitautaja, wala mwalimu. Walio karibu watamjua, na mwenyewe hapendi kusemwa.

Kwa wasioijua Pemba: kugomeana kwetu ni kukongwe kuliko vyama hivi vya leo. Wazee wanasimulia zama za siasa, tangu uchaguzi wa 1957 hadi Mapinduzi ya 1964, wakati wafuasi wa vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi hawakupanda gari moja wala hawakununua duka moja. Vyama vingi viliporudi, yakarudi yaleyale. Uchaguzi wa urais wa Zanzibar wa 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 na Maalim Seif wa CUF akapewa 49.8, na kuanzia hapo ndugu wa tumbo moja wakawa hawasalimiani. Tarehe 27 Januari 2001 maandamano yakaishia kwa risasi. Human Rights Watch waliandika kuwa waliouawa hawakupungua 35, majeruhi walizidi 600, na watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Humu ndani najua kuna waliokuwa kwenye madau yale wakiwa wadogo.

Wakubwa walipatana zaidi ya mara moja. Muafaka wa Juni 1999, mwengine wa Oktoba 2001, kisha Rais Amani Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009, na Julai 2010 asilimia 66.4 ya waliopiga kura ya maoni wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Miaka ile tulipumua kweli. Watu walirudi kualikana harusi. Halafu Oktoba 2015 uchaguzi ukafutwa, ukarudiwa Machi 2016 upande mmoja ukiwa umesusa, na sisi huku chini tukarudi kulekule.

Nieleze kugomeana kulivyo, maana asiyekuona hudhani ni kununiana tu. Unaingia dukani unataka nusu kilo ya sukari, unaambiwa haipo, na wewe unaiona ipo. Gari la abiria linakupita kituoni na viti vitupu. Mgonjwa anatafutiwa gari usiku na jirani mwenye gari hafungui mlango. Mwanamke anaachwa kwa sababu kaka zake wako chama kile. Na maiti, ndugu zangu, maiti wa Kiislamu, anachimbiwa kaburi na watu sita kwa sababu mtaa mzima umekaa barazani unatazama. Ubani haupelekwi. Hitima haihudhuriwi.

Sasa waliofanya mabaya ya usiku hawakuwa wazee. Wazee walikaa wakasema, vijana ndio walitenda. Kulikuwa na maskani mbili, yaani baraza za vijana wa vyama, moja njia ya kuendea sokoni na moja karibu na uwanja wa mpira, kila moja na bendera yake na ubao wake mweusi wa kuandikia matusi kwa chaki. Vijana wa pale wengi walikuwa watoro wa skuli: walioacha wakaenda dago (kambi za uvuvi za mbali) na wavuvi wakarudi na pesa kidogo, walioacha msimu wa karafuu ulipokuwa mzuri hawakurejea tena, waliofeli kidato cha pili wakaona aibu. Walirusha mawe, walikata migomba ya watu, walipaka kinyesi milango. Wengine walishaingia bangi, na wawili watatu unga. Polisi ilikuwa inawazoa, wanalala ndani, wanarudi wakali zaidi.

Ndipo akahamishiwa kwetu mwalimu wa hesabu kutoka wilaya nyengine.

Jambo la mwanzo alilofanya ni kukataa kuwa na baraza moja. Asubuhi alikunywa kahawa upande huu, baada ya Alasiri alikunywa upande ule, kila siku, mpaka watu wakachoka kujiuliza yeye ni wa nani. Hili lilikuwa zito kwake kwa sababu mwalimu kwetu haaminiki kirahisi. Skuli ndizo vituo vya kura, na walimu wengi ndio wanaochukuliwa kuwa makarani wa vituo. Kura zikienda mrama, mwalimu ndiye uso unaoukumbuka.

La pili ni ubao. Alikwenda maskani ya kwanza akawaomba ubao wao siku moja tu kwa wiki. Wakamcheka, wakampa. Akaenda ya pili, vilevile. Akaandika hesabu moja, ileile, pande zote mbili. Haikuwa ya kitabuni: kama kilo tatu za karafuu mbichi hutoa kilo moja kavu, na mchumaji analipwa kwa pishi, na mwenye shamba kakodisha kwa bei kadhaa, nani anabaki na nini? Wiki ya pili ikawa mafuta ya boti kwenda na kurudi dago na mgao wa samaki. Hakuleta zawadi wala hakusahihisha hapo hapo. Alisema jibu lake litaandikwa wiki ijayo.

Vijana wale wanajua karafuu na wanajua bahari kuliko mwalimu. Wakaanza kubishana. Halafu wakataka kujua wale wa upande wa pili wamepata ngapi, na hakukuwa na njia ya kujua isipokuwa mmoja avuke barabara aende kuuliza. Alivuka. Niliwaona kwa macho yangu wamesimama mbele ya ubao wa mahasimu wao, chaki mkononi, wanazozana juu ya mgao wa samaki, na bendera inapepea juu yao.

Matusi hayakwisha siku ile. Lakini ubao ulikuwa na kitu chengine cha kuandikwa.

La tatu ndilo lililotubadilisha: kambi. Nitaendelea chini, nimeitwa.

#2 – Mchangiaji (Mkoani)

Maa shaa Allah, tunasubiri. Ila hukusema polisi walimwonaje. Mtu anayekaa na maskani zote mbili kipindi kile angeweza kuitwa mchochezi na pande zote.

#3 – Mwanzisha uzi

Aliitwa, kaka. Na kila upande uliwahi kumpeleka kwa wakubwa wake. Kilichomwokoa ni kuwa aliwaaga masheha, viongozi wa serikali wa mitaa yetu, kabla ya kuandika hesabu ya kwanza, na aliiandika mchana kweupe. Hakufanya jambo lolote usiku wala ndani ya nyumba ya mtu.

Sasa kambi. Wanaotoka Unguja na Pemba wanaijua: mtihani wa taifa wa kidato cha nne huanza Novemba, na kabla yake skuli nyingi huwaweka watahiniwa kambini, wanalala skuli, wanasoma usiku, wazazi wanachanga chakula. Na uchaguzi wetu huwa lini? Tarehe 31 Oktoba 2010, tarehe 25 Oktoba 2015, tarehe 28 Oktoba 2020. Yaani wiki zilezile ambazo watu wazima wanatengana, watoto wao wanatakiwa kulala chumba kimoja na kusoma kitabu kimoja kwa taa moja. Mwalimu huyu aliliona hili wakati sisi wote tulikuwa tunaliona kama balaa.

Kambi ya kwanza aliyoisimamia ilikuwa miezi kadhaa baada ya ule uchaguzi wa marudio, na moto ulikuwa haujazimika. Wazazi wa upande mmoja wakaleta mchele, nazi na dagaa, wakasema wataweka mpishi wao na sufuria lao, hawaamini mkono wa wale. Wale nao wakasema hivyohivyo. Kamati ya skuli ikawa tayari kukubali majiko mawili ili mambo yaishe. Mwalimu akakataa. Akasema sufuria moja au hakuna kambi, na kila mzazi amwelezee mwanawe kwa nini amekosa kambi. Ilikuwa kauli kali, na nakiri moyoni niliogopa kuwa kambi itakufa. Kikao kilivunjika mara ya kwanza. Mara ya pili walikuja wanawake wengi kuliko wanaume, na wakakubali kupika kwa zamu, wawili wawili, mmoja huku mmoja kule.

Ulinzi na maji je? Skuli haina ukuta na bomba lilikuwa linatoka siku linapotaka. Hapo ndipo alipowaita vijana wa maskani. Wale waliokata migomba. Aliwapa tochi, akawapa zamu za kulinda kambi usiku, mmoja kila maskani kwa kila zamu, na akawakabidhi ndoo. Wazee walipiga kelele: unawapa fisi bucha! Yeye akawajibu kuwa kama hawa ndio wanaotufanyia fujo usiku, basi hakuna usiku salama zaidi ya ule ambao wao ndio walinzi.

Hakuna dirisha lililovunjwa msimu ule.

Sukari ndiyo iliyoleta lile nililokuwa silitarajii. Ilikwisha katikati ya wiki, na duka lenye sukari lilikuwa la mtu ambaye alikuwa hauzii nusu ya mji. Mwalimu akaandika kikaratasi kwa jina la skuli, akampa kijana wa upande usiouziwa akapeleke. Mwenye duka alikaa nacho mkononi muda mrefu. Angekataa, angeinyima skuli ambayo binti yake mwenyewe alikuwa kambini. Akapima, akaandika kwenye daftari la deni. Deni lile lililipwa kwa mchango wa wazazi wote, na waliokwenda kulilipa walikwenda pamoja. Baada ya hapo ilikuwa taabu kumwambia mtu yuleyule sukari haipo.

#4 – Mchangiaji (Mjini, Unguja)

Nimesoma kwa heshima lakini sitoafiki yote. Tatizo la Zanzibar si kwamba watu hawapikiani. Ni haki. Watu wameuliwa, kura zimefutwa, kijana anazungushwa kwa sheha kutafuta kitambulisho cha Mzanzibari. Mnapowaambia watoto wa skuli watuponyeshe, mnawatwika mzigo ambao wenye mamlaka wanapaswa kuubeba. Na hadithi kama hizi huwafurahisha sana wanasiasa, maana zinawaondolea lawama.

#5 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Mjini, nakubaliana nawe kuwa haki haipikwi kwenye sufuria la kambi. Iliundwa Tume ya Mbita kuyachunguza mauaji ya 2001, na kuna familia mpaka leo zinahisi machozi yao hayakusikilizwa. Mwalimu hakuwahi kumwambia mtu asahau. Wapo wanafunzi wake waliopoteza ami na wajomba mwaka ule, na aliwaacha wayaseme, darasani, mbele ya wenzao wa upande wa pili. Alichokataza ni kumlipizia mtoto wa jirani kwa jambo lililoamuliwa na watu ambao hata Pemba hawakai.

Ila nitazame hapa nilipo. Muafaka ukisainiwa au usisainiwe, mimi kesho nina maiti wa kuzika na mgonjwa wa kupeleka Chake. Siwezi kusubiri haki ikamilike ndipo nimsaidie jirani kubeba jeneza. Na kijana aliyeacha skuli hawezi kusubiri vilevile, ana miaka kumi na saba mara moja tu. Tuyadai yote mawili, kila moja kwa mlango wake.

Tukumbuke pia kuwa Maalim Seif, mtu wa Mtambwe, kabla ya siasa alikuwa mwalimu, alifundisha skuli ya Fidel Castro hapa Pemba na ya Lumumba kule Unguja, na baadaye akawa Waziri wa Elimu. Waliokuwa wanafunzi wake walitawanyika vyama vyote. Mwalimu anaweza kuwafikia watu ambao mwanasiasa hafiki, hata akiwa ni mtu yuleyule.

#6 – Mchangiaji (mwalimu mstaafu, Wete)

Wanangu, nimefundisha mpaka nimestaafu, na naomba niseme la upande wa wanawake kwa sababu mnazungumza kama vijana wote ni wavulana.

Kambi ikitajwa, jambo la kwanza ambalo baba mwenye binti husema ni: binti yangu halali nje. Na ana haki ya kuogopa. Skuli yoyote inayofanya kambi bila jengo la peke yake la wasichana, bila walimu wanawake kulala humohumo na bila mama wa zamu, inachezea watoto wa watu. Pale ambapo nimeona kambi inafaulu, ni wale kina mama waliolala na mikeka yao mlangoni. Mama wa chama hiki na mama wa chama kile, wanakesha pamoja kwa ajili ya mabinti. Usiku ni mrefu, mtu hawezi kukaa na mwenziwe mpaka alfajiri bila kumwambia neno. Kina mama wale ndio waliorudi majumbani wakawauliza waume zao: tunagombana juu ya nini hasa?

Jambo jengine ni bakora. Mtoto mkorofi tulimpiga, akaacha skuli, tukasema ameharibika. Wizara ilipoanza majaribio ya adhabu mbadala katika baadhi ya skuli nilikuwa miongoni mwa waliopinga, nikidhani watoto watatupanda kichwani. Lakini nimewafundisha waliopigwa na wasiopigwa. Huyu kijana anayerusha mawe, ukimchunguza, kapigwa nyumbani, kapigwa chuoni kwenye Kurani, kapigwa skuli, kisha kapigwa kituo cha polisi. Lugha hiyo ameshaimaliza. Tuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, inasema mtoto aliyekinzana na sheria ashughulikiweje. Mwalimu anayeisoma anajua kuwa anaweza kwenda kituoni kumsemea mwanafunzi wake. Wengi hawaendi.

#7 – Mchangiaji (mzazi, Konde)

Shikamoo mwalimu wangu. Mwanzisha uzi, mie nina swali moja. Hao wa unga walifanywaje? Wangu yumo, na nimechoka.

#8 – Mwanzisha uzi

Bi Mwalimu, marahaba hiyo si yangu, nakuamkia mimi: shikamoo. Habari ya kina mama mlangoni ni kweli tupu, na kwetu ilikuwa hivyohivyo.

Mzazi wa Konde, Allah akupe subira. Nitakuwa mkweli kwako. Wa unga hawakuponywa na hesabu za ubaoni. Mwalimu hakuwapa zamu ya ulinzi, kwa sababu angewaumiza wao na wenziwe. Alikwenda kwa wazazi wao, akawaambia wasiwafunge minyororo wala wasiwafukuze, huu ni ugonjwa na unatibiwa. Mmoja alipelekwa Unguja kwenye nyumba ya soba, ya wanaoacha unga, ambako wanaowasimamia ni watu waliopitia wenyewe. Na kule Kidongo Chekundu kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kuwaachisha watu unga. Huyo leo anauza samaki, mzima. Wa pili alitoroka, akarudi kulekule, na mama yake bado analia. Sitakudanganya kuwa wote hurejea. Lakini nenda hospitali ya wilaya ukaulize, usikae na siri hii ndani peke yako, na ukitaka mtu wa kukusindikiza niandikie pembeni.

Wale wengine wa maskani: waliokuwa bado wadogo walirudi darasani. Waliopita umri, baadhi walikwenda mafunzo ya amali Vitongoji, useremala na umeme. Wengine walifanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea, wakisomeshwa usiku na wale watoto waliowalinda kambini. Wapo waliorudi dago na hilo si kosa, lakini sasa wanajua kupiga mgao wao na hawadhulumiwi na mwenye boti. Na yupo aliyeishia Chuo cha Mafunzo, yaani jela, kwa wizi wa karafuu. Mwalimu alikuwa akimtembelea.

Mmeniuliza kwa ujumbe wa pembeni kama sasa tunazikana. Tunazikana. Hakuna mkutano uliofanywa wala aliyetangaza. Alifariki mzee mmoja, mpishi mwenza wa mkewe kule kambini alikuwa mwanamke wa upande wa pili, akaja yeye, akaja mumewe, wakaja wanawe wawili waliokuwa maskani, na kaburi likachimbwa na waliokuwepo. Mazishi yaliyofuata hakuna aliyeuliza nani kaja. Hali ilipochafuka tena Oktoba 2020 tuliogopa sana, kambi ilikuwa imeanza, na wazazi walikuja kuchukua watoto wao usiku. Waliwarudisha baada ya siku chache, na sufuria lilikuwa lile moja. Desemba ile Serikali ya Umoja iliporudi, sisi kwetu tulikuwa hatuna pakubwa pa kuanzia upya.

Hayajakwisha yote. Ndugu wawili wa mtaani kwangu hawasemezani tangu 1995 na sasa wanagombania mikarafuu ya baba yao kwa mgongo wa vyama. Msikiti mmoja bado una watu wanaosali safu ya nyuma wakamaliza wakatoka haraka. Mwalimu naye ameshahamishwa, kama wanavyohamishwa walimu wote.

Kambi tunaiendesha wenyewe. Kwa wanaotaka kuifanya shehiani kwao, ushauri wangu ni huu: anzeni kuchangisha karafuu zinapoanza kuuzwa, mkono wa mtu ukiwa na pesa, msingoje Oktoba. Mhakikishe kamati ya skuli ina watu wa pande zote kabla ya kuongea habari ya chakula. Zamu za wapishi na za walinzi ziandikwe na kubandikwa skuli, majina mawili mawili, pande mbili. Jengo la wasichana kwanza, kama alivyosema Bi Mwalimu. Lisipopatikana, kambi iahirishwe. Na mnayemweka kununua vitu anunue kwa zamu kwenye maduka yote, hata lile lenye bei ya juu kidogo.

Mwenye swali la mahesabu ya chakula kwa kichwa aniulize, nina daftari la misimu iliyopita na nitaliweka hapa nikirudi kutoka shamba.